Mbwa Kwenye Sendofu ya Doreen

Jamani, aibu hii nilitaka niende nayo kaburini, lakini kwa kuwa watu kama mia mbili waliishuhudia na nusu yao walirekodi kwa simu, sioni kilichobaki cha kuficha, na ni bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko msikie ya Mama Kelvin, maana kwake mbwa ameshakuwa wawili na mmoja ameng'ata mtu.

Kwanza mjue kwamba mimi, mtoto wa Moshi, niliyekulia nyumba ambayo mbwa akisogelea tu mlango anarushiwa kandambili, leo nina mbwa sebuleni kwangu Stratford, London. Anaitwa Barnaby, ndivyo alivyobatizwa na chama cha hisani kilichotuletea, ila sisi tunamwita Banaba. Ni labrador mweusi, kilo thelathini, na si mbwa wa kuchezea, ni mwanafunzi. Binti yangu Nuru ana miaka minane na ana usonji, na siku kelele za dunia zikimzidi analia kilio ambacho hakuna pipi wala bembelezo la kukizima. Sasa Banaba anafundishwa kwamba akisikia mtu analia aende taratibu, amwekee kichwa mapajani, na kilio kisipopungua ajilaze miguuni pake kwa uzito wake wote mpaka mtu atulie. (Mimi nilicheka nilipoambiwa, halafu nikaona kwa macho yangu mtoto anatulia ndani ya dakika tano, nikaenda kulia mimi chooni, na Banaba akaja kugonga mlango.)

Mwalimu wake, mama mmoja wa Kiingereza anayeitwa Claire, ana sheria nyingi lakini kubwa ni moja, kwamba akitoka nje Banaba avae kizibao chake cha bluu, kilichoandikwa kwa herufi nyeupe kubwa kuwa yuko mafunzoni kumsaidia mtoto mwenye usonji. Kizibao ni kwa ajili ya watu, yeye mwenyewe hajui kusoma.

Sasa ndiyo tunafika kwenye dhambi yangu. Ndugu na marafiki zangu wa hapa London hawakujua chochote kuhusu usonji wa Nuru. Wakiniuliza mbona haamkii, nasema ni mpole, wakiniuliza hizo hedifoni za nini, nasema anapenda muziki, kumbe ni za kuzuia sauti na ndani yake hakuna muziki wowote. Nilikuwa nimeshasikia wanavyowasema watoto wa wenzangu, huyu kalogwa, yule kaharibiwa na katuni, yule mama yake alimlea kizungu, nikaapa kwamba mwanangu hatajadiliwa kwenye kundi la WhatsApp katikati ya tangazo la msiba na picha za pilau.

Basi ikafika sendofu ya Doreen, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, na Doreen ni binti wa Shangazi Eli, dada yake baba, aliyenipokea nilipofika nchi hii na koti moja. Kutokwenda haikuwezekana. Baba Nuru alikuwa na zamu kwenye kituo cha treni anakofanya kazi, na Nuru hapandi treni bila Banaba, kwa hiyo tukaenda watatu mpaka Harrow, mimi na gauni langu la kitenge la sare, mtoto na hedifoni zake, mbwa na kizibao chake, tumependeza kweli.

Tulipokaribia mlango wa ukumbi nikamwona Mama Kelvin anashuka kwenye gari. Mama Kelvin ni mtu mzuri, akifiwa mtu ndiye wa kwanza kufika na sufuria, lakini siri ukimpa saa nne, saa sita iko Dodoma. Nikafikiria zile herufi nyeupe. Sikuchukua hata sekunde tatu: nikainama, nikamvua Banaba kizibao, nikakisokomeza kwenye mkoba, kamba yake nikaifunga kwenye mshikio wa mkoba ili mikono ibaki huru, tukapitia mlango wa pembeni mpaka meza ya kona yenye kitambaa kirefu kinachogusa sakafu. Banaba akaingia chini, Nuru akaweka miguu juu ya mgongo wake, akatulia tuli. Nikajipongeza.

Mama Kelvin akaja kukaa meza hiyohiyo, ungedhani katumwa.

"Hee, hawa wameweka hita mpaka chini ya meza?" akasema baada ya muda. "Nasikia joto miguuni, linakuja na kuondoka."

"Ulaya mama," nikamjibu, "wana kila kitu."

Hofu yangu yote ilikuwa kwenye ndafu. Wasioijua, ni mbuzi mzima wa kuchomwa, anasimamishwa na majani mdomoni, anaingizwa kwa ngoma na watu wanacheza nyuma yake. Nikaikanyaga kamba kwa miguu yote miwili, nikaanza kusali. Mbuzi akapita hatua mbili kutoka kwetu, harufu yake hata mimi ilinisogeza kwenye kiti, na Banaba hakutikisika. Nikafurahi mpaka nikalegea, nikala, na kwa sababu mambo yalikuwa yametulia nikafunga vipande sita vya kuku kwenye foili nikavitia mkobani kwa ajili ya chakula cha mchana cha kazini (msinitazame hivyo, nanyi mnafanya).

Nililinda nyama, nikasahau machozi.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba sasa wazazi wanaagana na binti yao, wakaweka wimbo wa huzuni, na Shangazi Eli, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha heshima mbele ya watu wote, akaangua kilio. "Mwanangu unaniachia nani! Nani atanipikia mtori!" (Doreen anahamia Wembley, vituo vichache tu, lakini kwa kilio kile ungedhani anapelekwa Australia.) Nikasikia kitambaa cha meza kinatikisika. Kabla sijaikanyaga kamba tena, Banaba alishatoka, anatembea katikati ya ukumbi kwa adabu kama mzee wa kanisa anayepeleka sadaka, na mkoba wangu unaburuzwa nyuma yake, ukafunguka, kuku mmoja hapa, kuku mwingine pale, na kizibao kikadondoka mwishoni.

Akafika, akaweka kichwa mapajani mwa Shangazi. Shangazi akafungua macho, akaona mbwa mweusi, akapiga yowe. Sasa kwa Banaba yowe maana yake ni kwamba tiba haijaingia, kwa hiyo akapanda hatua ya pili, akajilaza na kilo zake zote thelathini juu ya miguu ya Shangazi na pindo la gauni lake la dhahabu, na kila Shangazi alivyopiga kelele yeye alizidi kujikandamiza. Watu wakapanda juu ya viti. Mpiga video akasogea karibu.

"Mbwa huyu ni wa nani?" mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikageuza shingo huku na huku kama wenzangu, nikasema, "Kwani ni wa nani jamani?"

"Mbona ule mkoba kama wako?" akasema Mama Kelvin.

"Mikoba ile iko mingi."

"Na wale kuku niliokuona unawafunga?"

"Kuku wanafanana!"

Petro naye alikana mara tatu, lakini angalau yeye walikuwa wanataka kumkamata. Mimi nilikuwa naogopa kundi la WhatsApp. Na kabla sijapata uongo wa nne Nuru akasimama. Akavua hedifoni, kwenye ukumbi ule wenye mayowe na spika za kutisha, akaziweka mezani, akatembea peke yake mpaka katikati huku ameziba masikio kwa viganja. Akaachia masikio ili aokote kizibao kati ya vipande vya kuku, akaenda nacho mpaka miguuni kwa Shangazi, akapiga magoti, akamvalisha Banaba na kufunga vifungo vyote viwili. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka, karibu kabisa na kipaza sauti:

"He's not naughty. He's working. He's mine, because I'm autistic."

Kwamba hana kosa, yuko kazini, ni wake kwa sababu ana usonji. Mtoto wa miaka minane alisema kwa sentensi tatu fupi kitu ambacho mama yake alikikimbia miaka mitano, na alikisema kama mtu anayetaja namba yake ya kiatu. Aibu niliyoisikia pale haikuwa ya mbwa wala ya kuku. Nilijionea aibu mwenyewe, nikaenda mbele nikiwa nalia, na Banaba akanitazama akiwa hajui aanze na nani.

Mlinzi wa ukumbi akaja kumwondoa mbwa, Shangazi akainua mkono. Alikuwa ameshanyamaza.

"Mwacheni kwanza," akasema. "Miguu inaniuma tangu asubuhi, huyu ana joto zuri." Kisha akanivuta sikio, mbele za watu, mimi na miaka yangu arobaini na moja. "Kila nikikuuliza mtoto ana nini unaniambia mpole. Nimezaa watano, unadhani mpole simjui? Ulidhani nitamfanya nini mjukuu wangu?"

Nikachuchumaa nikaanza kuokota kuku.

Nikamwandikia Claire kila kitu, maana sheria inataka hivyo, nikiwa na hakika kwamba watakuja kumchukua Banaba na Nuru atarudi kulia bila mtu wa kumlalia miguuni. Claire akanipigia siku ya pili. Mbwa amefaulu, akasema, hata nyama hakuigusa. Aliyefeli ni mimi, na ninarudia darasa la walezi tangu somo la kwanza, Jumatano hii, pamoja na watu wenye mbwa wa miezi miwili.

Jumatatu, nikiwa kwenye mapumziko ya kazini, simu ikaita, Mama Kelvin. Nikajua sasa nimekwisha, anataka habari za nyongeza. Lakini alikuwa ananong'ona, na nyuma yake nikasikia maji ya bomba, kajifungia bafuni.

"Mama Nuru," akasema, "yule mjukuu wangu wa Kelvin, ana miaka minne, bado hasemi. Kelvin hataki tuulize, na mimi nimewaambia watu wote kwamba mtoto anaelewa sana, anaringa tu. Wewe ulianzia wapi?"

Nilikaa kwenye ngazi za stoo pale dukani. Miaka mitano nilimkimbia mwanamke huyu kwenye kila sherehe, na yeye alikuwa anakimbia vilevile, sherehe hizohizo.

"Njoo Jumamosi," nikamwambia, "umlete na mtoto. Na Mama Kelvin, funga hayo maji uongee kwa sauti, mimi sinong'oni tena."