Afadhali Waseme Mukorogo

Libérata Mukashyaka wa Mbugangari, pale Gisenyi, muuzaji wa karoti, miaka hamsini na sita, anajua kila choo kutoka soko ya Mahoko mpaka Goma. Muulize ile iko na maji, ile haina mulango, ile mwenyewe wake anakopesha. Google ikae pembeni. Ila hii si kipaji, ni shida.

Ilianza kisha ile ya mwezi kumukatika. Kwanza moto kila akienda kukojoa. Alafu haraka: beseni ya karoti iko ku kichwa, foleni ya barrière, pale mupaka wa Goma, haisogei, na mukojo umeisha amua bila kumuuliza. Alafu ukavu. Bwana yake Wellars akimusogelea, Libérata anauma shuka. Bon, akahamia kitanda ya mujukuu, akasema mutoto ana malaria. Malaria ya miezi nane. Wellars hakuuliza kitu. Naye ana haya zake.

Alikunywa antibiotique mara tano, moto ikarudi mara tano. Mwisho akafika kwa daktari, mama mumoja mupole, akamupima, akamuambia:

"Mama, hii si uchafu na hakuna mutu amekuroga. Homoni imepunguka, ngozi ya ndani imekauka, imekuwa nyembamba. Utaweka hii krimu kule ndani, kidogo. Wiki mbili kila jioni, kisha mara mbili ku wiki. Usiache."

Libérata alisikia neno moja: kule.

Sasa pharmacie ya karibu, duka ya dawa, ni ya Igor. Igor ni mutoto wa Uwingabire, ule anaongoza chorale yao ya kanisa. Libérata alimubeba ku mugongo huyu Igor, alimupangusa kamasi. Leo amupatie karatasi ya daktari, ya kule? Afadhali akunywe ziwa yote.

Donc akanunua Goma, kwenye hakuna mutu anamujua. Na juu ya kujificha vizuri, akatupa boîte yake ya karatasi, akachukua kisu ya jikoni, akakwangua maandiko yote mpaka tube ikabaki nyeupe. Akafunga mu kitenge. Akili mingi.

Tube ya kwanza ilipita. Na ilisaidia. Wiki ya sita alisimama foleni muzima bila kufunga miguu kama kamba ya mbuzi. Hata mujukuu akapona malaria.

Tube ya pili ndiyo walikamata ku barrière. Binti wa ukaguzi aliigeuza mukononi, akatafuta jina, hakuna. Gisenyi muzima inajua krimu haina jina, inatoka Goma, imefichwa mu kitenge: ile ni mukorogo, ya kung'arisha ngozi, ile wamekataza.

"Mama, hii ni ya nini?"

Nyuma yake foleni ya wanawake, beseni ku kichwa, masikio wazi. Mbele yake huyu binti, mutoto wa miaka ishirini na tano. Neno la kweli lilifika mpaka ku meno. Likarudi.

"Ni ya sura," akasema Libérata. "Nataka kung'aa kidogo."

Foleni ikapasuka na kicheko. Binti akamufundisha kwa sauti, mambo ya ngozi na figo, akatupa tube mu karton. Libérata alisimama na macho chini, na katika ile aibu, usimuambie mutu, kulikuwa na kapumziko kadogo.

Jioni WhatsApp ya chorale ilikuwa inawaka. Uwingabire alimuandikia Libérata, kwa jina ya mutoto wake: "Mama Hirwa, Pasaka tutakutambua kweli? Ama tukuimbie wimbo wa arusi, bibi-arusi wetu mweupe?" Vicheko arobaini. Libérata naye akatuma kicheko, kimoja.

Kisha wiki tatu bila krimu, moto ikarudi. Mujukuu akagonjwa tena. Siku moja ku mazoezi, katikati ya wimbo, alitoka mbio na hakufika. Alirudi nyumbani na kitenge imefungwa mara mbili, akipita njia ya nyuma.

Kesho yake akaingia kwa Igor, karatasi mu kitabu cha nyimbo.

"Igor, mutoto wangu. Natafuta krimu."

Igor akainamisha kichwa. "Mama Hirwa, unisamehe. Nilisikia ya barrière. Mukorogo mi siuzi."

Angeweza kutoka. Alisha shika na mulango. Akaona tu njia ya kurudi, ndefu, na choo ya kwanza iko mbali. Akafungua kitabu, akasukuma karatasi juu ya meza, akaangalia sanduku ya pipi za kikohozi kama ndiyo inamuhoji.

Igor akasoma. Akasoma tena.

"Ya kwanza ulitumia wiki ngapi?"

"Sita."

"Ya pili ndiyo ile ya barrière?"

Akaitika na kichwa.

"Lakini mama, ungesema tu ni dawa."

"We ungesema? Na foleni yote ile nyuma yako?"

Igor akageuka ku rafu. Akachukua boîte, akaifunga mu bahasha ya kaki, akaandika ku bahasha jioni na siku za kuiweka. "Unaanza tena kila jioni, wiki mbili. Na maandiko usikwangue." Akamusogezea bahasha. "Nimuambie mama yangu aache kukucheka? Nitamuambia tu haikuwa mukorogo."

Libérata akaingiza bahasha chini ya kitenge, akaipapasa mara mbili kuona kama iko sawa.

"Atauliza ilikuwa nini."

"Ataniuliza, ndiyo."

"Basi muache. Afadhali waseme mukorogo."