Gunia la Makala kwa Madame Colombe

Niacheni kwanza niseme, halafu mtacheka. Kila mtu wa Kasha ana namna yake ya kusimulia siku tuliyomlilia Madame Colombe, na wote wanaanzia kwangu, eti ni mimi na makala yangu. Haya. Nianzie kwenye makala basi.

Mimi ni Maman Merveille. Nauza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara ya Kasha, kule Bagira, na mume wangu Parfait yuko Shabunda kwenye dhahabu, anarudi anapotaka. Tuna mtoto mmoja, Merveille, na Merveille ana kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo na kuendelea. Neno linamkaba kooni, macho yanamtoka, anapiga mguu chini, na watoto wa avenue, mtaa wetu, wanasubiri tu wapate kumcheka. Alipofika miaka minne nilimpeleka shule ya maternelle, ya watoto wadogo, kwa Madame Colombe.

Madame Colombe ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, viatu vya plastiki mvua ao jua. Hakuwa na mume wala mtoto, alipanga chumba uani, kwenye parseli ya mjane mmoja, Maman Emérence. Darasani kwake kila jambo lilikuwa na wimbo: wa kukaa, wa kufuta pua, wa kuomba kwenda chooni, na wa kuitana asubuhi. Wiki ya kwanza tu aliniuliza, "Maman Merveille, ulishaona mutoto wako akiimba? Akiimba, neno haimukamate." Mimi mzazi sikuwa nimeona. Basi akaanza kumfundisha kuimba anachotaka kusema, kisha kukiimba kwa sauti ndogo, kisha kukisema wimbo ukiwa ndani ya kichwa. Mwezi wake wa pili shuleni Merveille aliniomba uji kwa maneno yaliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwacha mteja na kikopo chake mkononi, nikaingia ndani kulia.

Halafu ikaja hiyo corona, shule zikafungwa. Jamani, nani alielewa kitu? Redio ilisema tunawe mikono kila mara, na bomba letu lilikuwa halitoi hata tone. Ilisema tukae mbali-mbali, na nyumba za Kasha zinagusana mabati. Leo uliambiwa ni ugonjwa wa Kinshasa, wa watu wa ndege. Kesho uliambiwa uko hapa hapa sokoni. Jirani akaapa kwamba hakuna ugonjwa, ni siasa. Nilivaa maski kidevuni, nusu ya kuamini na nusu ya kukataa, nikabaki hivyo.

Aliyetutoa gizani ni Madame Colombe. Hakuna mtu aliyemtuma, wala aliyekumbuka kumuuliza mwalimu wa watoto wadogo anaishije wakati shule imefungwa. Asubuhi alipita ua kwa ua, akisimama nje na maski yake, akiita, "Bonjour, batoto!" Watoto walikimbilia uani na bidon ya maji, naye akiwaimbisha: maji mbele, sabuni nyuma, kidole ku kidole. Wengine walimtukana, wakisema anatutembezea ugonjwa. Mama mmoja alimfukuza na fagio kabisa. Aliondoka, na kesho yake akarudi pale pale. Kwetu alimwita Merveille kwa wimbo na kungoja Merveille amjibu kwa wimbo, hata mvua ikimnyeshea.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa saba tukasikia kwamba kaka yake Didier, anayelima mpunga Luberizi, anakuja Jumamosi na fuso kumchukua, yeye na kitanda chake. Nilimuuliza kama ni kweli. "Nitafanya namna gani, Maman Merveille? Shule haiko. Mupunga iko." Sikuweza kumlaumu. Lakini niliogopa sana. Siku asipopita kwetu, neno lilianza tena kumkaba mwanangu. Akienda Luberizi moja kwa moja, Merveille angerudi kule kule kwa kupiga mguu na kuchekwa, na mimi sijui hata wimbo mmoja wa maana.

Wazazi tukapatana: Jumamosi asubuhi, kabla ya fuso, twende kumshukuru na kumwomba abaki. Kwetu ukienda kushukuru unakwenda kwa kelele. Wanawake wanapanga mstari, beseni kichwani, wanaimba, wanacheza, hata aliye ng'ambo ya kilima anajua kuna furaha. Ila Papa Philémon, mkuu wa avenue, alitukatalia.

"Hakuna kuimba, hakuna kucheza! Kila mutu na maski yake, moya nyuma ya mwingine, mbali-mbali, kimya. Polisi bako pale chini!"

Tukasema sawa. Sasa mniambie, mtu anayekwenda kwenye kilio cha msiba anakwendaje? Kimya, mstari, beseni la unga kichwani, beseni la maharagi, na mbele kabisa gunia la makala la kuwashia moto wa watu watakaolala pale. Hakuna kichwa kimoja kilichofikiri. Na aliyetangulia na gunia ni mimi.

Pale bombani wanawake waliacha bidon zao wakatutazama. Mmoja akauliza, "Munaenda kwa nani?" Gunia lilikuwa linanivunja shingo, maski inanibana, nikajibu kifupi tu, "Kwa Madame Colombe." Akajishika kinywa. Nikadhani anaonea huruma shingo yangu. Kumbe tulipopinda kwa njia ndefu ya magari, wao walikata kwa njia ya mkato, mbio, kupeleka habari.

Tulipofika kwenye kona ya parseli tukasikia kilio, kile cha kutoka tumboni. Maman Emérence alikuwa chini, kitambaa kimemtoka kichwani, anaita, "Colombe, mwana wangu! Jana ulinisongea bugali!" Gunia likaanguka, makala yakamwagika njiani. Nikajiambia, tumechelewa, corona imemchukua. Nikapiga yowe. Na wao waliponiona na gunia langu, nalia hivyo, wakasema, basi ni kweli, hata mama wa makala amefika. Sisi tuliwaamini wao, wao walituamini sisi, na wa kuuliza hakuwepo.

Mlango wa Colombe ulikuwa umefungwa, pazia limeshushwa. Simu yake haikuita. "Musiguse mulango! Ni corona!" alipiga kelele Papa Philémon, akiwa amesimama mbali kuliko sisi wote. Wengine walisema yumo ndani, wengine walisema alichukuliwa alfajiri. Nilijaribu kuuliza alichukuliwa na nani, nikajibiwa kwa kilio. Mtu akampigia Didier, na Didier alikuwa ameshafika Kamanyola na fuso. Maman Emérence akazimia, wakamwingiza ndani kwake.

Na kwenye kilio watu husema. Yule wa fagio ndiye aliyelia kuliko wote: "Nilimufukuza, na kesho yake akarudia mutoto wangu!" Mwingine akauliza nani sasa atamfuta mwanawe kamasi bila kumkaripia. Watu ambao hata bonjour walimnyima walikuwa wanagaragara kwenye vumbi.

Hapo akaingia mwanamke mmoja, maski mpaka chini ya macho, kitenge kichwani, vumbi la njia ya kutoka Miti mwili mzima, kabichi mbili kwapani. Akaangalia watu, akaangalia nyumba ya Maman Emérence, kabichi zikaanguka. Akalia jamani! Akaanguka karibu yangu, nikamkumbatia, mambo ya mbali-mbali tukayasahau.

"Aligonjwa nini?" akaniuliza katikati ya kwikwi.

"Hatuyui. Alikuwa mutu wa kuficha."

"Jana tulikula pamoja! Na hii nyumba sasa itabakia nani?"

Nikachanganyikiwa. Nyumba gani? Madame Colombe alikuwa mpangaji. Lakini kwenye kilio huanzi kubishana na mtu, nikaendelea kulia.

"Mutoto wangu, ni yeye alimufungua mudomo," nikamwambia. "Na mimi sikumuambia hata koko, hata aksanti moya. Ni leo nilikuwa ninakuya kumuambia."

Yule mwanamke akajitoa mikononi mwangu. "Maman Merveille," akasema polepole, "tunalilia nani?"

Mungu wangu, ile sauti niliijua, na bado kichwa kilikataa. Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu, tunamlilia Madame Colombe.

Merveille, niliyekuja naye, alikuwa ananivuta kitenge muda wote, nami nilikuwa nampiga kofi mkononi anyamaze. Sasa akasimama mbele ya yule mwanamke. "Ma, ma, ma," neno likamkaba, akapiga mguu. Kisha akavuta pumzi kama alivyofundishwa, na akaimba, safi, wimbo wa kuitana wa asubuhi: "Bonjour, Madame, mi niko hapa!"

Na yule mwanamke, machozi yakimtiririka juu ya maski, akajibu bila kufikiri, kama alivyojibu kila siku uani kwetu: "Bonjour, Merveille, ninakuona!"

Weee! Nusu ya watu walikimbia. Mtu aliangusha beseni, kuku aliyeletwa zawadi akapanda juu ya bati. Maman Emérence akatoka mlangoni kuona kelele ni ya nini, na Colombe alipomwona akapiga yowe naye akakimbia, maana kwa akili yake Maman Emérence ndiye aliyekuwa amekufa. Wakafukuzana na kukimbiana kuzunguka parseli, huyu anamwogopa huyu, mpaka wakagongana na kushikana mikono kuona kama ina joto. Colombe alikuwa amekwenda Miti tangu asubuhi sana kumuaga mama yake wa ubatizo, simu imekwisha moto, betri tupu. Ni hayo tu.

Tulikuwa bado hatujajua kama tunalia ao tunacheka wakati fuso ilipofika. Didier alishuka macho mekundu, akaanza kuuliza maiti iko wapi, na aliyemuuliza ni dada yake mwenyewe. Akakaa chini karibu na gurudumu. Nyuma ya fuso, mahali pa kitanda, mlikuwa na mbao mpya. Alikuwa amezinunua njiani, za jeneza.

Alilia, akacheka, akalia tena, halafu akajipangusa na mkono wa shati. "Bon. Uko muzima. Leta kitanda tupakie, twende."

Watu wote wakanigeukia, kwa sababu ni mimi niliyechaguliwa kusema. Nilikuwa na maneno yangu tangu Jumatano, nimeyapanga vizuri. Nikasimama mbele ya Madame Colombe, na neno likanikaba. "Ma, Ma," nikasema. Hakuna kilichotoka. Didier alishaanza kuelekea mlangoni kufuata kitanda.

Nikasikia mkono mdogo kwenye vidole vyangu. "Imba, maman," Merveille akasema, na hakukwama hata kidogo.

Basi niliimba. Na sauti yangu mnaijua, ni ya kuuzia makala. Niliimba Madame Colombe koko, Madame Colombe ubakie, batoto bako hapa, wimbo usio na kichwa wala mguu, na watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashikana mbavu, kisha wakaitikia. Papa Philémon alipiga kelele kwamba hakuna kuimba, halafu na yeye nikamwona anapangusa macho.

Madame Colombe alivua maski. Akatutazama, akatazama maharagi kwenye vumbi na makala yangu barabarani, uso wote umevurugika kama wetu.

"Kaka," akasema, "shusha mbao."

Didier hakuelewa. Ikabidi amwambie mara ya pili.

Zikawa mabenchi. Didier mwenyewe alizipigilia misumari kesho yake, akaziweka uani kwa Maman Emérence, na watoto wakakaa mmoja huku na mmoja kule, wakifundishwa bila paa mpaka shule zilipofunguliwa. Nyumba zikapokezana kumpelekea chakula, na mama wa fagio ndiye aliyeanza. Merveille sasa yuko shule ya msingi. Akikwama anavuta pumzi, na wenzake wanangoja.

Na mimi, kila nikimpelekea Madame Colombe gunia la makala, naimba njia nzima, kwa nguvu, mpaka nifike mlangoni.