Viatu Vyekundu

Mwanangu amefungua mpira mpya wa kikapu, na harufu ya raba imenirudisha kwenye uwanja wetu wa Mbotela.

Nahodha wetu alikuwa akimsema dada yangu. "Anarusha kila saa, inaingia mara moja moja. Leo atakaa benchi."

"Lakini si wapinzani watatu humkimbilia yeye, nanyi mnabaki na nafasi ya kufunga?" nikauliza.

"Nyamaza, mtoto wewe."

Wageni kutoka Kariobangi wakafika. Hata kabla ya salamu wakauliza, "Yule wa viatu vyekundu yuko?"

"Leo hachezi," nahodha akajibu.

Wageni wakagongeana mikono kwa furaha. Nahodha wetu akawatazama.

Dada alikuwa nyuma ya ukuta, akifunga kamba za viatu vyake vyekundu. Nikamwita kwa nguvu, uwanja mzima usikie: "Dadangu, toka! Wanakuulizia!"