Kuvu Ndani ya Lenzi ya Felisita

Mwaka wa mwisho wa uhai wa mumewe Constantine, mpiga picha, Felisita ndiye aliyepiga picha zote. Mume alikuwa kitandani, figo zimechoka. Yeye akabeba kamera, akazunguka kwenye harusi na mahafali kuanzia Bariadi mjini hadi Kasoli. Watu walizisifu picha, wakamsifu Constantine.

Baada ya mazishi, Mayige, kaka wa marehemu, aliichukua kamera. "Ni mali ya ukoo, shemeji. Itunzwe mpaka kikao kikae." Akaifungia, na mkoba wake wa ngozi, katika ghala lake la pamba huko Sapiwi. Kikao kilikuja kukaa misimu miwili ya mvua baadaye. Ng'ombe walikwenda kwa ndugu wa marehemu; Felisita akapewa kamera, na wazee wakamwambia ashukuru.

Picha ya kwanza aliyoipiga ilitoka nyeupe, kama mtu kasimama nyuma ya moshi. Akaipeleka kamera kwa Abdulrazak, fundi wa saa na miwani pale sokoni. Fundi akaimulika lenzi kwa tochi, akamwita aangalie. Ndani ya kioo zilikuwamo nyuzi nyembamba zilizotambaa kama mizizi ya nyasi.

"Ni kuvu, mama. Kamera ilikaa wapi?"

"Ghalani. Ndani ya mkoba."

"Giza, unyevu na ngozi. Umeilisha kuvu."

"Siyo mimi," alisema Felisita.

Abdulrazak aliifungua lenzi, akafuta kioo kimoja kimoja kwa spiriti. Vya mbele vikatakata. Lakini viwili vya nyuma vilikuwa vimebandikwa pamoja kwa gundi tangu kiwandani, na kuvu ilikuwa imeingia katikati yao, mahali kitambaa hakifiki. Hapo fundi alinyoosha mikono.

Felisita akapanda bodaboda hadi Sapiwi. Mayige alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha kiti.

"Sisi tuliiweka salama, shemeji. Hata vumbi haikupata. Na wewe uliipokea, ukashukuru mbele ya watu."

Kweli alishukuru. Hilo ndilo lililomchoma njia nzima ya kurudi.

Alijaribu harusi moja tu, Ngulyati. Bibi harusi, mwalimu aitwaye Goodness, alizitazama picha, kisha akauliza kwa upole kama marehemu hakuacha mtu anayeijua kazi.

Siku hizi Felisita anauza nyanya. Lenzi mpya hawezi kuinunua. Abdulrazak aliahidi kwamba akiiona ya mtumba ya namna ile atamwambia. Huu ni mwaka wa pili. Fundi akipita mbele ya meza ya nyanya humsalimu Kisukuma, "Mwadila, mayu," habari za mchana, mama, na kuongeza mwendo.