Siku Bwana Kelele Alipomvamia Shemeji Yake

Chuoni alikofundisha walimwita Bwana Kelele kwa dhihaka, maana chuo kile hakijapata kuwa na mwalimu mpole kama yeye. Jina lilitokana na somo lake: jinsi kelele za njiani zinavyoharibu ujumbe, na mbinu za kuufikisha salama hata hivyo. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo. Akikanyagwa mguu kwenye foleni, yeye ndiye anayeomba radhi.

Kila Jumamosi asubuhi alikutana na wenzake katika maabara ya fizikia, bila posho wala mwaliko, kujadili nadharia ya habari. Huyu analeta mfano wa simu, yule wa picha za hospitali, wanabishana mpaka koo zinakauka. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, fundi wa mitambo ya simu mwenye maneno matamu na shati lililonyooka kwa pasi.

"Ukirudia kila alama mara tatu," shemeji alieleza ubaoni, "moja ikiharibika, mbili zilizobaki zinakwambia ukweli."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mdogo wake Bwana Kelele, ameshika waya wa projekta ambao mumewe aliusahau nyumbani. Alikuwa amejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi. Alipoinama kuuweka waya mezani, mtandio ukateleza. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi kuziba, mdomo umepasuka.

"Nini hiki?" Bwana Kelele aliuliza.

"Nimeanguka bafuni, kaka."

Safari iliyopita alisema ameanguka kwenye ngazi. Bwana Kelele akaamini, au akajitia kuamini.

Shemeji akacheka. "Huyu macho anayo, ila haoni anapokanyaga. Tuendelee, jamani."

Bwana Kelele aliinuka taratibu. Akamkamata shemeji ukosi, akambamiza uso ubaoni hata damu ikachuruzika juu ya hesabu. Shemeji akageuka, akamtwanga ngumi; pua ikavunjika kwa mlio ambao wote waliusikia. Bwana Kelele akaokota stuli ya chuma. Akapiga bega, akapiga mbavu, akapiga taya. Meno yakaruka chini ya meza. Wenzake walimvuta, shati likabaki mikononi mwao. Akapiga tena. Kilichomtisha baadaye ni kwamba alisikia raha.

"Kaka, utamuua!"

Mdogo wake alimrukia mgongoni na kumng'ata sikio. Ndipo stuli ikamtoka mkononi.

Shemeji alipona, ingawa taya lilibaki upande. Bwana Kelele alifungwa. Mdogo wake alichelewa sana kwenda kumwona, na alipokwenda hakuketi.

"Sikukutuma," alimwambia kupitia wavu. "Miaka yote umenyamaza, halafu siku moja ukageuka kuwa yeye. Nikikutazama, namwona yeye."

Bwana Kelele aliegemeza paji la uso kwenye wavu. Machozi yakamshuka.

"Nimeshahama," mdogo wake akasema. "Usidhani ni kwa sababu ya stuli yako. Nimetoka kwa miguu yangu, na mahakamani nimesema kwa mdomo wangu aliyonitenda mume wangu."

Bwana Kelele alipotoka gerezani, chuo hakikumrudisha kazini. Siku hizi anafundisha hesabu watoto wa majirani sebuleni kwake, na sauti yake imezidi kuwa ya chini. Mdogo wake humtembelea, wanacheka, wanawasema ndugu. Ila huketi kiti kilicho karibu na mlango, na kaka yake huuacha wazi mpaka atakapoondoka.