Mikono ya Kuazima

Wallahi, mie sikuitafuta sinema. Sinema ndiyo iliyonifuata kwenye cherehani yangu, Bertrams, mwaka 2017. Nilikuwa nimegawana chumba na msusi mmoja Mkongo kutoka Lubumbashi, yeye na vichwa vyake upande wa dirisha, mimi na vitambaa vyangu upande wa ukuta. Akaingia dada mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, akasema yeye ni mwongozaji wa filamu. Hakuangalia nguo hata moja. Akawa ananikodolea mikono.

"Naomba mikono yako, Mama," akasema.

"Ina kazi, mwanangu. Unaitaka ya nini?"

Akaeleza. Kuna mwigizaji mkongwe anakuja kutoka India kucheza fundi cherehani. Sura anayo, sauti anayo, ila mikono inamtetemeka kwa maradhi ya uzee. Kamera ikisogea kwenye sindano na uzi, watapiga picha mikono yangu badala ya yake. Rangi ni ile ile, mishipa ni ile ile. Nilikubali kabla hajamaliza. Nani angekataa?

Mkongwe mwenyewe alipofika alitaka kukaa nami dukani. Ndiyo desturi yake: hachezi kazi ya mtu kabla hajakaa na mwenye kazi. Siku hiyo nilivaa gauni langu la harusi za watu, na manukato nikajimwagia. Sinema za Kihindi nimezijua tangu utoto wangu Tanga, nilitegemea dhahabu mpaka puani. Akaingia bibi mwenye mvi, sari ya pamba iliyofifia, ndala miguuni. Nikadhani ni mpishi wao, kumbe ndiye.

Tulizungumza Kiingereza, changu cha sokoni na chake cha polepole. Aliniita beti, yaani binti yangu, mimi mwenye wajukuu! Nikamuuliza ameimba nyimbo gani. Akacheka mpaka akashika meza. Hajaimba hata moja, wala hajacheza kwenye mvua. Alipoanza, wenye mapesa walimwambia ni mweusi mno na uso wake hauna sukari. Akaenda kwa wale wanaotengeneza filamu za watu wa kawaida, filamu zinazoonyeshwa kwenye kumbi ndogo nusu tupu, akabaki huko maisha yake yote. Alicheza mbeba matofali, basi akaenda kubeba matofali na akina mama wa tanuri mpaka utosi ukaota sugu. Alicheza mama aliyeachwa na gharika, akalala kwenye tope kweli.

Msusi akaitafuta kwenye simu filamu moja ya zamani ya bibi, ya ujana wake. Tukainamia wote, na mteja aliyesukwa nusu kichwa. "Mambo gani ile?" msusi akalalamika. "Mutu anapepeta muchele tu, hata musiki hakuna!" Lakini hakuizima. Yule binti kwenye simu alipepeta, akapepeta, kisha akasimama kidogo akaangalia mlangoni, na sote tukajua kuwa anayemngoja hatarudi. Hakuna aliyetuambia. Mteja akaanza kufuta machozi. Mie nilimtazama bibi aliyekaa kwenye kigoda changu akisokota uzi, nikaona haya kupumua kwa nguvu mbele yake.

Siku ya mwisho dukani aliweka mikono yake juu ya meza, ikitetemeka, karibu na yangu.

"Sina ubaya na wewe, beti," akasema. "Lakini mwili wa mtu mwingine haujawahi kusimama mahali pangu. Wakitumia mikono yako, nimestaafu. Hii ndiyo filamu yangu ya mwisho."

Iliniuma, sitaficha. Kwanza niliumia kwa ajili yangu, halafu kwa ajili yake. Ningefanya nini? Nilishaahidi, na mtaa mzima ulishajua.

Tena ulijua sana. Jioni ya kuamkia kazi walinijia wanawake wenzangu wa Tanga na Unguja, na kopo la hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Mkono wa mwenzetu uende sinema mtupu kama wa mtu asiye na watu wake? Wakanichora maua mpaka kwenye viwiko, wakapiga na vigelegele. Nilipendeza jamani, bibi harusi asingeniweza.

Asubuhi mwongozaji aliponiona alishika kichwa. "Eish! Mama, umefanya nini?" Fundi wa kwenye filamu ni mjane! Kafiwa na mume juzi tu! Loo! Mimi niliyekaa eda mwenyewe, ningempelekea mfiwa mikono ya hina? Lakini waliniambia fundi, hawakuniambia mjane. Wakanipaka poda, mikono ikawa ya kijivu kama ya maiti. Wakanisugua kwa ndimu, wapi! Na nyumba ya kupigia picha ilikodiwa kwa siku ile moja tu.

"Nitafanya mwenyewe," bibi akasema.

Mwongozaji akamjibu kwa adabu, machozi yakimlengalenga. Kwenye filamu, mashemeji wanakuja kuona kama mjane anaweza kubaki na duka la marehemu. Inabidi atunge uzi kwenye sindano mbele yao, mara moja, bila mkono kutikisika. Mkono ukitikisika, duka limekwenda na hadithi imekufa.

"Najua. Nimeisoma," akasema bibi.

Kamera ikasogea karibu mno. Bibi alikuwa ameinamia shati la mwanamume, vidole vinamcheza vibaya, uzi unapita kando ya tundu. Nikawa nauma kanga. Waigizaji wa kiume, wale mashemeji, wakaingia mlangoni. Akainua macho akawatazama, akawakaribisha. Na mikono ikatulia. Wallahi ilitulia tuli. Uzi ukaingia tunduni huku akiwaangalia wao, hata hakuutazama, akavuta, akakata kwa meno, akaendelea kushona kama mwenye duka. Nilisahau kuwa ile kazi ilikuwa yangu.

Mwongozaji alilia kabla hajasema imetosha. Watu wakapiga makofi. Nikajiambia, kumbe bibi mzima! Kutetemeka kote kule alikuwa anatuigizia.

Nikampelekea chai, kikombe na kisahani. Akavipokea, vikaanza kugongana, chai ikamwagika kwenye sari na kwenye vidole vyake. Alijaribu tena kukifikisha kikombe mdomoni akashindwa. Akanitazama bila aibu yoyote.

"Nishikie, beti," akasema.

Nikakishika kwa mikono yangu miwili, akanywa.