Wali wa Soseji Uani Kwangu

Mume wa mjukuu wangu anauza chipsi na soseji stendi ya Korogwe. Kazi hiyo sina neno nayo, kila mtu na riziki yake. Neno langu ni kwamba tangu aoe alikuwa anakula hukohuko kibandani, anarudi nyumbani ameshiba, anavua viatu, analala. Mjukuu wangu anapika, anafunika, anangoja. Asubuhi anafunua sufuria, chakula kiko vilevile, kimelala, anawamwagia kuku. Akimuuliza, anajibiwa, "Nimeonjaonja huko, nimeshiba." Akavumilia mpaka akachoka. Akafunga nguo zake, akapanda gari, akaja kwangu Handeni, maana mimi ndiye niliyemlea.

Majirani wakaja na maswali yao. Amempiga? Hajampiga. Ana mwanamke mwingine? Hana. Sasa kuna nini? Wakaniangalia kama mimi ndiye ninayemharibia mtoto ndoa. Nikawauliza, mwanamke ambaye chakula chake hakiliwi, mle ndani anakaa kama nani? Wakaaga.

Siku moja mume akapiga simu kwamba anakuja kumfuata mke wake. Kwetu jambo hilo lina utaratibu. Mwanamume anakuja na mzee wa upande wake, watu wanakaa kwenye mkeka, maneno yanasemwa yanakwisha, kisha mke anaandaa na mume anakula mbele ya wote. Akishakula, mambo yamekwisha, wanaondoka pamoja. Nikamwita kaka yangu awe mzee wa upande wetu.

Mjukuu wangu alikuwa ameshafunga begi. Nililiona nyuma ya mlango. Alikuwa anataka kurudi kwake, na hakunificha.

"Bibi," akasema huku anakanda unga, "akila mkate wangu hapa mbele yenu, naondoka naye leo hii. Sitaki aombe radhi, hajui kuomba. Ale tu."

Akautia hamira, tui zito na iliki, akauweka juani uumuke.

Mume akashuka kwenye bodaboda peke yake. Hana mzee. Alichopakata ni sufuria yake ya kibandani na mfuko wa soseji unaochuruzika maji ya barafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mzee wako yuko wapi?"

"Mzee yuko Mazinde, miguu inamsumbua. Nikaona leo niwapikie mimi mwenyewe. Nyinyi kaeni, mpumzike."

"Nani kakwambia tumechoka?"

Akacheka. Ana meno mazuri, nadhani ndiyo yanayomuuzia chipsi.

Mtu ameitwa kula, yeye amekuja kupika. Alifikiri mke wake aliondoka kwa kukosa soseji.

Akawasha kuni kwenye mafiga yangu pale uani, akamimina mafuta mengi kama si yeye aliyeyanunua. Akakata soseji mshazari, akazikaanga, akatupia vitunguu, karoti, hoho na viazi, kisha akamwaga mchele wa Mombo.

"Hiyo nyama ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuku, bibi. Halali kabisa, imeandikwa hapa."

"Na mifupa yake huyo kuku alikwenda nayo wapi?"

"Dada, mwache mtoto apike," akasema kaka yangu. Kaka yangu njaa ikimshika anapenda amani sana.

Pembeni yao mjukuu wangu alikuwa ameinamia jiko la mkaa. Mkate wa sufuria unataka moto kidogo chini na makaa mengine juu ya mfuniko, na mpishi haondoki, maana ukigeuka tu umeungua kitako. Makaa yalipompungukia akasogea kwenye kuni za mumewe.

"Nipishe nichukue moto."

"Chukua, mama, chukua," akajibu bila kuinua uso, kama anavyomwambia mteja anayetaka chumvi.

Wali ukaiva. Ulikuwa mtamu, siwezi kumsingizia mtu. Ulichambuka, na chini ulishika ukoko mwekundu uliokolea mafuta ya soseji. Kaka yangu akaongezewa, akaongezewa tena. Mimi nilisema chumvi imezidi, ili yule mpishi asivimbe kichwa.

Lakini hakuketi. Taulo begani, mwiko mkononi, anatuzunguka. "Mzee, nikuongeze? Bibi, kachumbari?" Uani kwangu pakawa stendi.

"Keti ule," nikamwambia.

"Mimi, bibi, nimeonjaonja hapa jikoni. Nimeshiba."

Mjukuu wangu aliyasikia. Alikuwa ameshaupakua mkate, umepanda vizuri, rangi sawa juu na chini. Akakata vipande, akavipanga kwenye sahani, akapiga goti mbele yake, akamshikia kwa mikono miwili.

"Huu nimekupikia wewe."

"Mashallah," mume akasema, macho kwenye simu yake. "Nifungie kwenye mfuko, mke wangu, nitakula kwenye gari. Tukichelewa vijana wataniharibia biashara."

Kaka yangu akaacha kutafuna. "Kijana, kula kipande kimoja."

"Mzee, wallahi nimeshiba. Sitaki kuwadanganya."

Nimeona wajinga wengi, ila wa namna hii wananichosha. Wanadhani kula ni habari ya njaa.

Mjukuu wangu hakulia. Aliinuka na sahani yake, akakaa karibu yangu, akanipa kipande, akampa kaka yangu, akala na yeye. Mkate ulikuwa laini, bado unatoa mvuke. Tulikula taratibu, na mume amesimama anatutazama.

"Begi umeshafunga?" akamuuliza mkewe.

"Wewe wahi gari," mkewe akamjibu, akaingia ndani. Tukasikia zipu ya begi inafunguliwa, kisha sanduku langu la nguo linafunguliwa.

Akanigeukia mimi. "Bibi, sasa nimekosa nini? Si nimepika?"

"Umepika. Osha sufuria yako uende."

Akahamishia wali uliobaki kwenye bakuli langu, akaosha sufuria, akaisugua na majivu mpaka ikang'aa. Kuosha anajua. Akapanda bodaboda, amekumbatia sufuria yake kifuani, na kaka yangu akamsindikiza kwa macho, mafuta bado mdomoni.

Jioni hatukuugusa ule wali. Tuliufunika. Asubuhi mjukuu wangu akafunua, akautazama kidogo, akawamwagia kuku. Kuku hawana haya, wakaula wote, na soseji za mwenzao humohumo.